Nani alichukua shamba la shangazi?

Wandugu, wengine mmeniuliza kwa nini nimekawia kuleta uchambuzi wa kitabu niliouahidi. Kitabu nilikimaliza zamani. Kilichonikawisha ni karatasi moja ya familia iliyo bado mezani kwangu, na mtaona hiyo karatasi na kitabu vinakutana wapi.

Kitabu ni Land's End cha Tania Murray Li, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Toronto. Kilitoka mwaka 2014. Kinaeleza maisha ya Walauje, wakulima wa milimani katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Mwandishi alianza kuwatembelea mwaka 1990, akawa anarudi hadi 2009, kwa hiyo aliona watoto wakikua na mashamba yakibadilisha wenyewe. Si kitabu cha siku moja, Kiingereza chake nacho kina milima. Lakini mtu wa Beni akifika pale kakao inapoingia, hatakiweka chini.

Zamani Walauje hawakuwa na neno la kutaja udongo kama kitu cha kupima na kuuza. Aliyefyeka msitu wa kwanza aliwaachia haki wazao wake wote, na ndugu aliyehitaji pa kulima msimu huu aliomba akapewa. Miaka ya 1990 wakaanza kupanda kakao. Sasa mti una mwenyewe, na mahali palipopandwa mti hapakurudi tena kwa ukoo. Likaingia neno jipya, lokasi, yaani kipande chenye mpaka, kinachoweza kuuzwa. Ndani ya miaka ishirini tu, jirani mmoja ana mashamba mengi, mwingine ni kibarua wake, na msitu wa kukimbilia umekwisha.

Kinachouma katika kitabu hiki ni kwamba mwizi haonekani. Hakuna kampuni iliyokuja na mashine, hakuna askari aliyefukuza watu. Walauje walipanda kakao kwa kupenda kwao, walitaka watoto wasome na nyumba ziwe za mabati. Udongo ukawatoka kidogo kidogo, mara deni, mara ugonjwa, mara ndugu aliyekuwa na makuta siku ambayo wewe huna.

Sisi kwenye ukurasa huu, na kwenye memwari zetu, tunapenda kuandika «ardhi ya mababu» kana kwamba mababu hawakugombana. Adui wetu hutoka nje sikuzote: mkoloni aliyeanzisha Parke Albert mwaka 1925, ile tunayoiita leo Virunga; sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo kifungu chake cha 53 kilifanya udongo wote kuwa mali ya Dola; na tajiri wa mjini. Yote ni kweli. Kifungu cha 389 cha sheria hiyo kiliahidi ordonansi ya Rais ya kupanga haki za watu wa vijijini, na wazazi wetu walizeeka wakiingoja. Lakini Li anauliza swali ambalo huyo adui wa nje hawezi kutujibia: na ndugu je?

Shamba letu liko upande wa Mbau, kaskazini ya mji wa Beni. Babu alishuka kutoka milima ya Lubero kutafuta nafasi, kama wengi wa wakati wake. Chef akamwonyesha mahali, naye akatoa mbuzi. Alipanda kahawa ya robusta. Miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyauka ukaimaliza, na mahali pa kahawa iliyokufa akalima shangazi yangu, aliyerudi kwa kaka zake baada ya kufiwa na mume. Mihogo, maharagwe, ndizi. Hakuna aliyemkataza na hakuna aliyemwandikia. Baba mdogo alipotaka kupanda kakao, alimwomba kwa heshima tu achomeke miche katikati ya mihogo yake. Shangazi akakubali. Angekataaje?

Wanaojua kakao wanajua kinachofuata. Ukipanda mita 3 kwa 3, hektari moja inabeba miti kama 1,100. Mwaka wa kwanza na wa pili maharagwe bado yanapata jua, na ndizi zinafaa kabisa kwa kivuli cha miche. Kufika mwaka wa nne matawi yameshikana, chini pamekuwa giza, mihogo haioti tena. Shangazi hakufukuzwa. Jua ndilo lililofungwa.

Mwaka 2024, bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani, baba mdogo akanipigia simu. «Wewe ndiye umesoma. Andika karatasi ya kugawa shamba kati yetu watatu, tuipeleke kwa chef, kiisha kwa watu wa kadastre.» Watatu hao ni yeye, kaka yake, na mimi mahali pa marehemu baba. Shangazi hayumo. Babu alifariki mwaka 2003, na Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wote urithi sawa, wa kike na wa kiume. Hilo nililifaulia mtihani. Baba mdogo naye analijua, ila anasema: miti nilipanda mimi.

Kitabu kimenisaidia kuona kwamba hiyo hoja si ujanja. Walauje walisema vile vile: jasho lililoingia kwenye mti halifutiki. Tofauti ni kwamba kule, Li anaeleza, mke angeweza kuwa na shamba lake na mavuno yake, mume na lake. Kwetu mwanamke analima kwa jina la kaka au la mume, na siku mti unapoingia hana jina la kuweka mbele. Ningependa mwandishi akae zaidi hapo, kuliko kwenye nadharia za ubepari ambazo, mnisamehe, nilizipita mbio.

Kuna jambo moja ambalo sikubali kuliazima kutoka Sulawesi. Li anaeleza kakao kwa bei na kwa tamaa ya kuendelea. Kule milimani hapakuwa na bunduki. Hapa Beni tangu Oktoba 2014 watu wanauawa mashambani, vijiji vizima vimehamia mijini, na tangu Mei 2021 mkoa uko katika hali ya kuzingirwa. Shamba la mihogo ukilikimbia miaka miwili linarudi kichaka, na kichaka kinaanza kuwa cha yeyote. Kakao inabaki imesimama. Hata kama mwenyewe yuko Butembo anapanga chumba, mistari ile inasema hapa pana mtu. Nimewasikia waliokimbia wakihesabu miti yao kwa kichwa, mstari kwa mstari. Kwa hiyo batu wanapanda kakao pia kwa woga, mti uwe karatasi yao. Na mti huo huo unamlisha anayevuna usiku, na unamrudisha mwenyewe msimu wa mavuno pale alipokatazwa kurudi. Wapo ambao hawakutoka. Mtu akitaka kuandika kitabu cha namna hii juu ya Beni, aanzie hapo.

Li anauliza waliobaki bila udongo waende wapi, maana kakao haihitaji mikono mingi. Shangazi alikuja kwangu. Asubuhi anauza sombe mbele ya nyumba, mangaribi tunakula pamoja. Nilimweleza kitabu, na Walauje, na lokasi. Akasikiliza mpaka mwisho.

«Mwana yangu, sisemi kakao iko mubaya. Minauliza tu: ndizi zangu za karibu na mto, zingali mule?»

Jumapili niliiandika karatasi upya, na majina manne. Nikaipiga picha, nikaituma. Baba mdogo hajajibu kitu, ila ametuma neno kupitia mtoto wake kwamba Jumamosi atapanda Butembo, kama njia iko. Wanasheria wa chama, nani kati yenu atakuwa huru Jumamosi?