Kielekezi Kinasimama Wapi?

Ukitaka kumjua mwandishi wa programu aliyeiva, usianze na rangi za skrini yake. Tafuta mstari unaofungua faili, kisha uliza: kielekezi, yaani nafasi ya baiti ambako kusoma au kuandika kutaanzia, kinasimama wapi faili inapofunguka? Jibu lisiposomeka palepale, mimi siiamini kazi hiyo.

Hapa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, swali hilo ni zito. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba joto linaloongezeka limepunguza uzalishaji wa ziwa hilo, na waliweza kulionyesha hilo kwa sababu kuna watu waliotunza vipimo vya miongo mingi. Programu inayopokea hesabu ya samaki mwaloni inaendeleza kazi ya namna hiyo. Samaki wa jana wameshaliwa. Mstari wao ukifutika, hakuna wa kuwapima tena.

Kwa hiyo macho yangu hutafuta kwanza "w", hali ya kufungua faili ili kuiandika upya. Hali hii huifanya faili kuwa tupu wakati uleule wa kuifungua, kabla hata herufi moja haijaandikwa. Umeme ukikatika hapo katikati, rekodi za miaka zimekwenda. Kwa kuongeza rekodi mpya, "a" ndiyo yenye adabu: katika lugha ya C kila uandishi huenda mwisho, hata kama mtu amekisogeza kielekezi kwa amri ya fseek. Kwenye Linux, programu mbili zikiandika kwa "a" katika faili moja ya diski ya mashine hiyohiyo, kwenda mwisho na kuandika huwa tendo moja. Anayefungua kwa "r+", akajipeleka mwisho mwenyewe, ndipo aandike, ameacha mwanya: mwenzake anaweza kupenya, na mmoja akaandika juu ya rekodi ya mwingine.

Ustadi wenyewe lakini hujulikana kwenye "r+". Hapo faili ya zamani inabaki nzima na kielekezi kinasimama mwanzoni, kwenye sifuri. Faili haina nafasi ya kupenyeza. Unachoandika hukaa juu ya kilichopo. Tuseme karani aliandika "mukeke,12" na sasa anataka kusahihisha jina la samaki liwe ndagala. Mukeke ni baiti 6, ndagala ni 7. Herufi ya mwisho inakanyaga mkato, na faili inabaki na "ndagala12". Fundi mzuri huipa kila rekodi urefu uleule, tuseme baiti 32, kisha rekodi ya 500, ukihesabu kutoka sifuri, huwa kwenye baiti ya 16,000 bila kubahatisha. Au huandika faili mpya kando, anahakikisha imefika diskini, ndipo aipe jina la ile ya zamani.

Tena fomu zetu nyingi ni za Kifaransa. Neno "pêche" lina herufi 5, ila katika UTF-8 ni baiti 6. Anayeruka kwa kuhesabu herufi anaweza kuangukia katikati ya ê. Python, faili ikifunguliwa kama maandishi, hutaka urudi mwanzo, uende mwisho, au utumie nafasi uliyopewa na amri ya tell. Mwandishi makini hulifuata hilo bila kusukumwa.

"a+" ni mtego wa wanafunzi. Python hukiweka kielekezi mwisho, hivyo ukisoma mara moja unapata utupu, na mtu anadhani data imepotea. Katika C, nafasi ya kwanza ya kusoma imeachiwa watengenezaji wa maktaba: ile ya GNU huanzia mwanzo, nyingine mwisho. Kwa sababu hiyo napenda kuona seek(0) imeandikwa waziwazi hata pale ambapo ingeweza kuachwa.

Kabla ya kuikubali programu ya kuongeza rekodi, tengeneza nakala ya faili yake, endesha programu mara mbili ukiongeza rekodi moja kila mara, halafu linganisha. Baiti zote za nakala lazima zionekane mwanzoni mwa faili ya sasa, zilezile na kwa mpangilio uleule, na rekodi mpya mbili zifuate nyuma yake.