Mkono Unaouliza Kabla ya Kukata

Mzee wa Kiturkana anapochinja mbuzi hapa Isiolo, nyama husubiri. Kwanza atautandaza utumbo aukague mshipa kwa mshipa, maana hakuna matumbo mawili yenye habari moja. Macho ya namna hiyo ndiyo waliyokuwa nayo wapasuaji tuliowakuta tulipoanza uuguzi wa chumba cha upasuaji.

Namkumbuka mmoja wao, tumbo li wazi, mfuko wa nyongo umejaa mawe. Mkasi nilikuwa nimeushika tayari, naye hakuuomba. Aliingiza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto nyuma ya mrija wa nyongo, gumba likabaki mbele, akatulia. Alikuwa akitafuta mapigo. Kwa kawaida ateri ya ini hupita upande wa kushoto wa mrija huo. Lakini kwa watu 10 hadi 15 kati ya 100, tawi la kulia huchipuka kwenye ateri ya utumbo, likapandia nyuma, na mwenye haraka hulifunga akidhani ni kamshipa ka mfuko wa nyongo. Alikaa vile hata mtoa usingizi akainua macho. Kisha akasema polepole, "Upo." Kuanzia hapo kila uzi aliufunga akiwa ameshauona mshipa ule kwa macho.

Mmarekani Nicholas Michels alipasua maiti 200, na mwaka 1966 akaandika kwamba mpangilio wa mishipa ya ini unaochorwa vitabuni aliukuta kwa watu 55 tu kati ya 100. Chuo Kikuu cha Nairobi, Hassan Saidi na Julius Ogeng'o wakaufuatilia mshipa wa mfuko wa nyongo katika miili ya Wakenya. Kazi ya subira hiyo, na harufu ya formalini haitoki upesi nguoni. Figo nazo zina yake: karibu mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada.

Skani ni neema, siikatai. Ila siku hizi kundi zima la wanafunzi huzunguka maiti moja, wa nyuma wakitazama simu, wakahitimu wanalijua tumbo la kitabuni. Damu ikifoka usiku huku kwetu, Meru tunakokimbilia ni zaidi ya kilomita 50, na mgonjwa aliyetoka Merti ameshachoshwa na njia. Wale wapasuaji wamestaafu mmoja mmoja, na wengi hawakuombwa hata siku moja warudi wamwonyeshe kijana mahali pa kuweka kidole.