Sauti Iliyonaswa na Mkono Ulioinasa: Je, Tuziamini Santuri za Hugh Tracey?

Mwalimu anayefundisha fonolojia ya Kiswahili hapa Kindu hukabiliwa na upungufu mmoja mkubwa. Matini za zamani za Kiswahili cha Kongo tunazo kwa maandishi, lakini sauti zake ni haba. Maandishi yenyewe aghalabu ni ya wamisionari na maafisa wa serikali ya kikoloni, walioiita lugha hii Kingwana na kuipanga kwa mahitaji yao. Kwa hiyo mtu akiipata santuri ya mwaka 1952 ambamo kijana wa Katanga anaimba kwa Kiswahili chake mwenyewe, hufurahi kama mchimbaji aliyeona punje ya dhahabu. Nia ya makala haya ni kuuliza kama furaha hiyo ina msingi.

Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda. Aliyemrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ni Hugh Tracey (1903–1977), Mwingereza aliyefanya makazi Afrika Kusini. Mwaka 1954 Tracey aliasisi huko Roodepoort taasisi ndogo, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyotoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Baada ya kifo chake taasisi ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes.

Wanaomshuku wana hoja nzito. Tracey alisafiri katika nchi zilizotawaliwa na wageni, na mwimbaji aliyewekewa kipaza sauti hakuwa na nguvu ya kujadiliana naye. Alishirikiana na migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, akaandika kitabu juu ya ngoma za wafanyakazi wake mwaka 1952, wakati wafanyakazi hao walikuwa wakiishi katika kambi za ubaguzi. Alifanya kazi pia na kampuni ya Gallo. Kampuni hiyo ndiyo iliyomrekodi Solomon Linda mwaka 1939. Wimbo wake ulitajirisha wengi ng'ambo, na warithi wake walipata mapatano ya kisheria mwaka 2006 tu. Kisa cha Linda si kosa la Tracey. Hata hivyo kinatuonyesha soko ambamo sauti za Waafrika ziliuzwa.

Wanaomtetea nao hawakosi la kusema. Tracey alizithamini nyimbo ambazo wengi wa zama zake waliziona kelele, na aliambatanisha kila rekodi na kadi yenye lugha, mahali na ala.

Kwa maoni yangu, kosa la pande zote mbili ni kuuliza swali moja mahali panapohitajiwa matatu. Tunauliza: je, huyu ni mtu wa kuaminiwa? Mwanaisimu hana budi kuuliza: aaminiwe kwa lipi?

Kwanza, kuna sauti yenyewe. Kama mwimbaji alitamka «batu», kinasa sauti hakikuweza kumfanya atamke «watu». Hapa mashaka juu ya tabia ya mrekodi hayapunguzi kitu. Tahadhari inayohitajiwa ni nyingine: lugha ya wimbo si lugha ya mazungumzo. Gitaa huvuta irabu na kuhamisha mkazo, na anayepima urefu wa silabi kwa santuri atapotoka.

Pili, kuna uteuzi. Tracey alipendelea kile alichokiona cha asili, akaogopa athari za mijini; upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu. Kwa hiyo rekodi zake zinaweza kuthibitisha kwamba umbo fulani lilikuwapo, lakini haziwezi kuthibitisha kwamba umbo jingine halikuwapo. Mwanafunzi anayejenga tasnifu juu ya ukimya wa santuri anajenga juu ya mchanga.

Tatu, kuna kadi. Tafsiri na maelezo yake yalipita kwa wakalimani na kwa sikio la mgeni. Tuyachukue kama maoni ya shahidi wa pili, kisha tunukuu upya wenyewe.

Linabaki suala la haki, ambalo fonolojia haiwezi kulijibu. Hapa taasisi ipimwe kwa matendo yake ya leo pia. Ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, maktaba hiyo ilirudisha nchini Kenya rekodi zilizochukuliwa huko. Kwa njia hiyo wimbo «Chemirocha», uliorekodiwa mwaka 1950, ukasikika tena kwa Wakipsigis wa Kapkatet. Kurudisha hakufuti yaliyopita, lakini ni mwanzo wa kuaminika. Sisi wa Kongo nasi tudai nakala za rekodi zilizotoka Katanga na Ituri.

Napendekeza basi tuzitumie santuri hizi kwa masharti. Katika kazi zetu jina la mwimbaji litangulie jina la mrekodi. Kila hoja ieleze kama imejengwa juu ya sauti, uteuzi au kadi. Zaidi ya yote, tuwarekodi wazee wa Maniema wenyewe, kwa ridhaa yao, na nakala ibaki kwao. Leo mwanafunzi anaposimama kando ya Lualaba na simu yake mbele ya mzee anayesimulia, yuko pale pale aliposimama Tracey. Maswali tunayomwuliza marehemu, sisi nasi tutaulizwa.