Rundo au Kaburi?

Katika Kreta ya Ngorongoro wafugaji wa kale walizika wafu wao chini ya mawe. Mary Leakey alichapisha taarifa ya kuyachimbua mwaka 1966. Mfasiri mwepesi ataandika “rundo la mawe”. Hatulikubali. Pale Feri rundo ni la taka: huzolewa, likasahauliwa. Afisa akilisoma neno hilo, ataruhusu mawe yakajenge barabara, hali Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yalinda mabaki kama hayo. “Kaburi la mawe” nalo halitoshi, kwani Kunduchi yapo ya mawe yenye nguzo. Twapendekeza “kaburi la rundo la mawe”. Ni refu, lakini mfu ametangulia jiwe.