Nani Ameshika Simu? Kukisoma War Doctor cha David Nott

Hata kama hujakisoma War Doctor (2019), huenda hadithi yake moja umeshaisikia. Ni mwaka 2008, Rutshuru, Kivu Kaskazini, na vita vinaendelea. David Nott, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza aliyekwenda huko na Madaktari Wasio na Mipaka, ana mgonjwa wa miaka 16. Mkono wa kijana umeshakatwa, na kipande kilichobaki kimeingia donda ndugu. Ili apone, lazima bega lote liondolewe, mtulinga ukiwemo. Nott hajawahi kufanya upasuaji huo. Anamwandikia mwenzake wa London, Meirion Thomas, na maelekezo yanarudi kwa meseji, hatua kwa hatua. Damu iliyopo ni pakiti moja tu. Kijana akapona.

Simulizi tamu, na Nott anajua kusimulia. Ila hebu tuulize kama watu wa sayansi: kilichomwokoa kijana ni nini hasa? Meseji zile zingetumwa kwako au kwangu zisingesaidia kitu. Zilimfaa mtu ambaye tayari anajua kuutafuta mshipa mkubwa wa damu chini ya mtulinga na kuufunga kabla haujamwaga kila kitu. Nott ni bingwa wa mishipa ya damu. Simu ilileta mpangilio wa kazi, mikono ilikuwepo tayari.

Hapo ndipo kitabu kina nguvu. Kwenye hospitali kubwa za nchi tajiri, bingwa husomea sehemu moja ya mwili, akafanya kazi kwa matundu madogo na kamera, huku benki ya damu ikiwa jengo la pili. Mpeleke mtu huyo kwenye hospitali ya vita: asubuhi mama mjamzito aliyekwama, mchana mguu uliopasuliwa na bomu, jioni mtoto aliyeungua. Hakuna wa kumpigia amwambie "huyu ni wa kwako".

Na si wingi wa kazi tu, hata mazoea yake mengine yatamponza. Chukua jeraha la risasi. Silika ya aliyezoea kisu safi ni kulishona mara moja. Lakini risasi huingia na vipande vya nguo na udongo, na nyama inayozunguka njia yake hufa. Nyama iliyokufa haipati damu wala oksijeni, na hiyo ndiyo nyumba wanayoipenda bakteria wa donda ndugu na pepopunda. Ukishona siku ya kwanza umewafungia ndani. Kinachotakiwa ni kukata nyama yote iliyokufa, kuliacha jeraha wazi chini ya bandeji, kisha kulifunga baada ya siku 4 au 5 likiwa safi. Haihitaji mashine yoyote ya bei mbaya. Inahitaji mtu aliyefundishwa kujizuia.

Sasa lalamiko langu. Kitabu kinamfuata Nott, na ndivyo kumbukumbu zilivyo, sawa. Ila akipanda ndege, msomaji naye anapanda. Wauguzi waliobadilisha bandeji za kijana yule wiki zilizofuata, na watu waliopokea majeruhi wengine mwezi uliofuata, tunawaacha uwanjani. Ukimaliza kusoma hivyo, ni rahisi kuamini kwamba dawa ya upungufu ni kuandaa wageni wengi zaidi walio hodari kama yeye.

Maisha yake mwenyewe yanampinga. Mwaka 2013 na 2014 alikuwa Aleppo, akipasua na kuwafundisha madaktari wa Syria. Mwaka 2016 mji ulipozingirwa na yeye hawezi kuingia, aliwaelekeza kwa intaneti akiwa London wakati wanatengeneza taya la mtu lililovunjwavunjwa. Safari hii aliyeshika simu ni mwenyeji. Kwangu tukio hili ni zito kuliko la Rutshuru, ingawa halina utamu ule.

Hesabu nazo ziko upande huo. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoweza kuumudu, na kwamba dunia inahitaji oparesheni milioni 143 za nyongeza kila mwaka. Hakuna ndege ya wageni itakayoziba pengo hilo. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafundisha upasuaji wahudumu wa afya wasio madaktari. Utafiti uliotoka 2007 ulikuta kwamba baada ya miaka 7 kama asilimia 88 ya wahudumu hao walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopangiwa huko, hakubaki hata mmoja. Tanzania nayo ilikuwa na madaktari wasaidizi tangu 1963, na wengi tumezaliwa kwa mikono yao. Vita ikizuka usiku, hao ndio wapo zamu.

Haki yake nimpe: taasisi aliyoianzisha 2015 imekitangulia kitabu. Kozi yake ya siku 5 huwalenga madaktari wa maeneo yenyewe ya vita, na tangu 2022 imefundishwa Ukraine pia. Siku 5 zinamwongezea mbinu mtu ambaye ni daktari wa upasuaji tayari, hazimtengenezi mpya, lakini mbinu hizo zinabaki pale pale. Likija toleo jipya la kitabu, sura hiyo ndiyo nitaanza nayo.