Hadhira Mbili Mbele ya Katuni Moja: Ngano, Bluey na Tinga Tinga Tales

Mtu mzima anapokiri kwamba katuni fulani ya watoto humfurahisha hata yeye, mara nyingi husifu jambo lisilostahili sifa hiyo. Husifu mzaha uliofichwa ndani yake kwa ajili yake peke yake. Makala haya yanakusudia kuutenga mzaha huo na sifa nyingine yenye uzito zaidi, inayomwezesha mtoto na mzazi kuketi mbele ya kipindi kimoja bila mmoja wao kuwa mgeni. Tutajikita katika mifululizo miwili ya televisheni: Bluey, uliotungwa Brisbane, Australia, na kuanza kuonyeshwa mwaka 2018, na Tinga Tinga Tales, uliochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Huu wa pili umejengwa juu ya ngano zetu. Ule wa kwanza hauna ngano hata moja ya Kiafrika. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ule wa kwanza ndio unaokaribia zaidi mwenendo wa ngano.

Tuanze na mzaha uliofichwa. Mfano wake bora ni Animaniacs, katuni ya Kimarekani iliyoanza mwaka 1993. Mtoto hucheka mhusika anapoangukiwa na kitu kizito kichwani. Mzazi hucheka kwa kuwa ametambua kejeli inayomlenga mwanasiasa au mwigizaji wa Hollywood. Ni ufundi, na hatuudharau. Lakini vicheko hivyo viwili havikutani. Hadhira ya pili imepewa chumba chake cha pembeni, na mtoto hajui kwamba chumba hicho kipo. Aidha, mzaha wa namna hii huchakaa upesi. Wanasiasa wale wakisahauliwa, chumba cha pembeni hubaki kitupu.

Bluey hufuata njia nyingine. Mtunzi wake, Joe Brumm, ametuchorea familia ya mbwa: Bluey mwenye umri wa miaka sita, mdogo wake Bingo wa miaka minne, baba yao Bandit na mama yao Chilli. Kila sehemu huchukua takriban dakika saba, na aghalabu huanza na mchezo wa watoto nyumbani. Katika sehemu iitwayo Onesies, dada yake Chilli, Brandy, anawatembelea baada ya kutoonekana kwa muda mrefu. Amewaletea watoto mavazi ya wanyama. Bluey anatamani lile la duma, lakini linamtosha Bingo tu. Bingo akishalivaa anageuka duma kweli, anakimbiza kila mtu, na vurumai hiyo yaweza kumtosheleza mtoto yeyote anayetazama. Katikati ya vurumai Bluey anataka kujua kwa nini mgeni huyu huwa haji kuwatembelea. Chilli anamweleza kwamba kuna kitu Brandy anakitamani kuliko vyote, na hawezi kukipata, wala hakuna wa kulaumiwa.

Neno utasa halitajwi popote. Mhakiki mvivu angesema kwamba hapa pia pana safu ya pili iliyofichwa. Sivyo. Mtoto amepewa kiini chote cha habari: kutamani kitu kisichokutosha. Amekielewa kwa sababu Bluey amekipitia muda mfupi uliopita. Anachokosa ni jina la kitu chenyewe, na jina hilo ndilo mtu mzima huja nalo kutoka maishani mwake. Mwandishi wa makala haya aliitazama sehemu hii pamoja na mpwa wake wa miaka saba na wakubwa watatu wa nyumba. Mtoto aliuliza, “Kwani anataka nini?” Wakubwa walitazamana. Bibi yake ndiye aliyejibu: “Anataka lile vazi la duma.” Mtoto aliridhika, na kusema kweli hakudanganywa.

Bibi huyo alifanya kile ambacho fanani wa ngano amekifanya tangu zamani. Tuchukue ngano ya watoto wa vibuyu, ambayo ni maarufu miongoni mwa Wachaga. Mwanamke mpweke asiye na mtoto anapanda mbegu, na vibuyu alivyovuna vinageuka watoto wanaomfanyia kazi za nyumbani. Siku moja, kwa hasira, anamtukana mmoja wao kwamba yeye si chochote ila kibuyu. Anarudi kuwa kibuyu. Aliyekuwa na miaka sita mbele ya jiko alisikia onyo: tusitukanane. Mama aliyekuwa nyuma yake alisikia neno lililomtoka yeye mwenyewe asubuhi ile, ambalo haliwezi kurudishwa. Tukio ni lile lile na maneno ni yale yale. Fanani hakuwa na haja ya kutunga ngano mbili, kwani hadhira yake ilikuwa imejigawa kwa umri na kwa machungu kabla hajatamka “Paukwa”.

Sehemu nyingine za Bluey zinathibitisha hoja hii. Katika Copycat ndege mdogo aliyeumia anapelekwa kwa daktari wa wanyama na anakufa. Bluey anaigeuza habari hiyo kuwa mchezo, na hata katika mchezo anataka ndege afe. Mama yake ndiye anayeshangaa. Katika Grandad, Chilli anamkimbiza baba yake mzee asiyetaka kupumzika kama alivyoagizwa. Mwishowe wanaketi pamoja kando ya maji, na miaka ya utoto wa binti inaonekana kuwa mirefu kwake na mifupi mno kwa mzee. Mtoto ameona ukimbizanaji. Mzazi ameona hesabu ya miaka.

Sasa tugeukie Tinga Tinga Tales. Hakuna haja ya kubana sifa zake. Kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza ilishirikiana na Homeboyz ya Nairobi, na vijana wetu wa uchoraji walionyesha wanachoweza. Mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha sanaa hiyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, ulipewa mwendo bila kupoteza madoa na rangi zake. Nyimbo za Eric Wainaina zinaimbika. Mtu mzima ana mengi ya kufurahia kwa macho na kwa masikio.

Katika hadithi ana machache. Vipindi hivi ni ngano za usuli: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini popo huning’inia kichwa chini. Katika ngano ya usuli, umbo la mnyama ni kovu. Linaeleza jambo lililotendeka likawa haliwezi kutenduliwa, na ndiyo maana mnyama hubaki hivyo hadi leo. Mfululizo huu umelihifadhi kovu na kuliondoa jeraha. Anayekosea kwa kawaida husamehewa na kurudi kundini kabla dakika kumi na moja hazijaisha, na simba hana njaa ya kumtisha yeyote. Mzazi anayezijua ngano hizi husubiri gharama ya kosa, na haiji.

Huenda mwenzetu akasema kwamba tunaonea kazi iliyokusudiwa watoto wadogo sana. Lakini Bluey pia ina watazamaji wa umri huo, na ndege amekufa mbele yao. Kwa hiyo umri si udhuru. Tunashuku kwamba tatizo lilianza kabla ya televisheni, siku ngano zilipochapishwa kama masomo ya mwanzo ya kusoma, zikapunguzwa makali, kisha zikaitwa fasihi ya watoto. Watayarishaji wa London walipozifikia, walizikuta tayari zina lebo hiyo, na sehemu ya lebo iliandikwa na idara kama zetu.

Bluey nayo imewahi kulegea. Katika The Sign, sehemu ndefu ya mwaka 2024, Brandy anaonekana akiwa mjamzito. Ngano pia humpa mwanamke tasa mtoto, lakini humpa pamoja na mwiko, na tunajua mwiko huo huishia wapi. Hapa mtoto ametolewa bila sharti, katika picha inayopita upesi. Kile ambacho katika Onesies kilikuwa hali ya maisha kimegeuzwa kuwa kungoja tu. Mpwa wa mwandishi aliliona tumbo. “Kumbe alitaka mtoto,” alisema, akamtazama bibi yake.