Pumzi Nyeupe

Ndizi mbivu ni ya manjano. Chipsi nazo ni za manjano. Ukiwa umeketi mezani hilo si neno, lakini kwa mtoto anayetelezesha kidole juu ya kioo cha simu, aliye na nusu sekunde tu ya kuamua aende kushoto au kulia, ni shida iliyomnyima mpwa wangu usingizi wiki nzima.

Mpwa wangu anatengeneza mchezo wa simu. Huu ni mwezi wa saba tangu aanze, katika chumba kimoja hapa Nyeri chenye dirisha linaloutazama Mlima Kenya siku ambazo mawingu yameruhusu. Ndani ya mchezo msichana aliyesukwa nywele anatoka Marua mbio kuelekea Karatina, barabara ina njia tatu, na vyakula vinamjia: nduma, managu, parachichi, ndizi, githeri, na baina yake chipsi, soda, mandazi na smoki pasua. Kazi ya mchezaji ni kuchagua tu. Nimekaa naye Jumamosi nyingi, kikombe cha chai mkononi, nikimtazama akisogeza vitu vidogo ambavyo hakuna atakayejua kwamba viliwahi kusogezwa.

Michezo ya aina hii ina ukoo wake. Mwaka 2009 Adam Saltsman alitoa Canabalt, ambamo mtu anakimbia juu ya mapaa na mchezaji ana kitufe kimoja tu cha kumrusha. Temple Run ikafuata mwaka 2011, kisha Subway Surfers mwaka 2012, yenye treni zinazokuja katika njia tatu, na watoto wa dunia nzima wakajifunza kutelezesha kidole kabla ya kujifunza kuandika. Huku kwetu Wesley Kirinya alikuwa ameshatengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2011 Ma3Racer ikawapa Wakenya usukani wa matatu ndani ya simu. Mpwa wangu anawataja watu hawa kama fundi seremala anavyowataja waliomshikisha randa.

Jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba mkimbiaji hakimbii. Amesimama pale pale katikati ya kioo akitupa miguu, na barabara ndiyo inayomjia. Barabara yenyewe si ndefu. Ni vipande 14 alivyovichora kimoja kimoja: daraja la mto Ragati, kona yenye mikaratusi, mabanda ya wauza ndizi, mteremko wenye kahawa pande zote mbili. Kipande kikishapita mgongoni mwa mkimbiaji huokotwa, kikapelekwa mbele na kupangwa upya, ili simu ya bei ndogo isilemewe. Simu inatakiwa kuchora picha 60 kila sekunde, kila moja kwa takriban milisekunde 16. Ikichelewa hata picha moja, jicho hushtuka ingawa mwenye jicho hajui limeshtushwa na nini. Vipande hupangwa kwa bahati nasibu, ila bahati yenyewe imetiwa lijamu: lazima njia moja ibaki wazi kila wakati, na baada ya kipande kigumu lazima kije chepesi ili mtu apumue. Kanuni hizo mbili zilimchukua mwezi mzima, kwa sababu kila akiziba tundu moja, jingine hufunguka.

La pili ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi. Kila chakula kina mpaka wake usioonekana, na mkimbiaji akiugusa mpaka huo, amekichukua. Mpaka wa nduma ameupanua ukaizidi nduma yenyewe. Mpaka wa chipsi ameupunguza ukawa ndani ya chipsi. Kwa hiyo aliyeilenga nduma huipata hata kidole kikiteleza kidogo, na aliyekusudia kuzikwepa chipsi haadhibiwi kwa kukosea upana wa unywele. Mafundi wa michezo wana desturi hii ya siku nyingi, na mchezaji haambiwi. Yeye ataona tu kwamba mchezo unamtendea haki. Nimewahi kuona ukarimu wa namna hii kwa akina mama wa soko la Karatina, gorogoro ya viazi ikiwa imeshajaa, na mkono bado unaongeza viwili juu.

Ni huko huko Karatina alikoenda kuitafuta dawa ya rangi ya manjano. Alikuwa amechora ndizi moja moja, na kwa mbali zilifanana na chipsi zilizomwagika. Sokoni akaona kile ambacho sote tumekiona tangu utotoni bila kukitazama: ndizi kwa kawaida haiuzwi ikiwa peke yake. Huuzwa ikiwa chane, imejikunja kama vidole vya mkono uliolegea, na umbo hilo utalitambua hata kwenye giza. Chipsi akazitia ndani ya mfuko wa karatasi wenye madoa ya mafuta. Nduma ilimsumbua zaidi, kwa kuwa kwa nje ni kahawia na mandazi ni kahawia. Akaikata. Nduma iliyokatwa ina weupe wenye vijinyuzi vya zambarau, na katika mchezo mzima hakuna kitu kingine chenye rangi ile. Alirudi na daftari lililojaa michoro ya penseli na kilo mbili za nduma, ambazo tulizichemsha usiku ule na kuzila kwa chai.

Mji ule umezoea kulisha wa mbali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kiwanda Karatina cha kukausha mboga za wanajeshi. Nilipomsimulia hayo akauliza karoti zilikatwaje kabla ya kukaushwa. Fundi huuliza hivyo.

Lakini shida kubwa haikuwa rangi. Katika toleo la kwanza chipsi na soda zilikuwa vizuizi tu: ukigonga, unaanguka. Aliwapa watoto wa jirani wacheze. Walicheza kwa furaha, wakazikwepa chipsi kwa ustadi, na walipomaliza wakatoka kwenda kununua chipsi. Hakuwalaumu. Alirudi kwenye kiti akasema, "Mjomba, nimewafundisha kukwepa lori. Sijawafundisha kuchagua."

Alikuwa sahihi. Hakuna anayetamani kugongwa na lori, ilhali chipsi zinatamanika, zinanukia vizuri kutoka ng'ambo ya stendi, na mchezo unaolificha hilo unamdanganya mtoto anayelijua fika. Hivyo akaugeuza. Sasa ukichukua soda, mkimbiaji hupata kasi papo hapo, na muziki hupanda. Raha yake ni ya kweli, kama sukari ya soda inavyoingia damuni upesi kweli. Ukichukua githeri huoni kitu. Mahindi na maharagwe hayana haraka. Faida yake utaiona baadaye, kwenye kilima, pale wa soda anapoanza kuburuta miguu.

Hapo ndipo alipoanza kuzitazama mbio za Catherine Ndereba. Ndereba alizaliwa Gatunganga, humu humu Nyeri, mwaka 1972, na mbio za marathoni za Boston alizishinda mara nne. Mwaka 2001 huko Chicago alikimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo, wiki moja tu baada ya Naoko Takahashi kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 20. Mpwa wangu hakuvutiwa na rekodi. Alivutiwa na marathoni ya Athens mwaka 2004, Mizuki Noguchi alipochomoka mapema na Ndereba asiitupe hesabu yake, akazidi kusogea taratibu hadi mwisho, akamaliza wa pili kwa tofauti ya sekunde 12. Aliirudia sehemu ile mara nyingi, akitazama mabega na mdomo.

Alikuwa akitafuta alama. Watoto hawakuwa wakiunganisha soda ya sasa na uchovu wa sekunde nane baadaye, kwani kwa mtoto sekunde nane ni safari. Alijaribu kipimo cha nguvu pembeni mwa kioo, na hakuna aliyekitazama. Alijaribu maneno, akayafuta siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja Julai, katikati ya baridi ya gathano, asubuhi moja alipotoka kununua maziwa na kuona pumzi yake ikitoka nyeupe mbele ya uso.

Leo mkimbiaji wake anapumua. Kila hatua ya nne wingu dogo hutoka mdomoni, jembamba, kwa mpangilio. Akila nduma, mpangilio haubadiliki hata mlimani. Akinywa soda, wingu hunenepa kidogo mapema sana, kabla kasi haijaisha, kisha huanza kukatika katika. Hakuna maandishi. Mtoto wa jirani, mwenye miaka saba, alicheza mara tatu, na mara ya nne nikasikia pumzi yake mwenyewe ikienda na ile ya kwenye kioo. Soda ilimjia njia ya katikati. Kidole kilielekea huko, kikasita, kikaenda kushoto kwenye managu.

Mpwa wangu hakushangilia. Alikuwa ameona kwamba wingu la tatu lilichelewa picha mbili. Akamwomba mtoto simu kwa upole, akaiunganisha na kompyuta, akabadilisha tarakimu moja, akamrudishia na kumwambia aanze tena kutoka Marua.